Pumzi ya Mtoto Haisubiri Rufaa

Kwa miaka mingi tuliwahimiza akina mama wa nchi hii wasijifungulie nyumbani. Tuliwahimiza redioni, kliniki, kwenye mikutano ya vijiji, misikitini na makanisani. Wakatusikia. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi ikifanyika kwenye vituo vya kutolea huduma za afya. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Mama wa Farkwa, wa Kibakwe na wa Mwitikira, huku kwetu Dodoma, amejifunga khanga, akapanda bodaboda au gari la kuazima, akaja. Alichoambiwa afanye, amekifanya.

Katika kipindi hichohicho, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Yalikuwa mafanikio makubwa, na nchi ina haki ya kuyaonea fahari. Lakini vifo vya watoto wachanga, yaani wale walio ndani ya siku 28 za mwanzo, vilitoka 25 vikafika 24 tu. Lengo la dunia ambalo Tanzania imeliridhia ni kufikia 12 au pungufu ifikapo mwaka 2030. Leo zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano wanakufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja.

Tukiziweka takwimu hizi mbili pamoja, hatuwezi tena kuwalaumu akina mama. Wengi wao sasa wanajifungua mbele ya watumishi wetu, chini ya mapaa tuliyoyajenga kwa kodi zetu. Kinachohitaji kubadilika ni kile kinachotokea ndani ya jengo baada ya kitovu kukatwa. Kwa imani yangu, cha kwanza kubadilika kiwe pumzi: mtoto anayepata shida ya kupumua aanze kusaidiwa palepale alipozaliwa, ndani ya dakika na saa za mwanzo, badala ya kusubiri msaada unaopatikana mjini tu, mwisho wa safari ya rufaa.

Ili tuelewane, tuanze na pafu lenyewe. Tumboni mwa mama mapafu ya mtoto yamejaa majimaji, na oksijeni yake huipata kupitia kondo la nyuma. Akizaliwa, katika pumzi chache anapaswa kuyasukuma majimaji hayo na kuvifungua vifuko vidogo vya hewa visivyohesabika. Mtoto aliyetimiza miezi yake ana utelezi maalumu ndani ya vifuko hivyo, ambao wataalamu huuita safaktanti, unaovizuia visijifunge kila anapotoa pumzi. Mtoto njiti bado hajautengeneza wa kutosha. Vifuko vyake hufanana na mfuko mwembamba wa nailoni uliolowa ndani: kuta zinashikana, na kila mara inabidi kutumia nguvu upya kuzibandua. Mtu mzima angechoka haraka kwa kazi hiyo. Mtoto wa kilo moja na nusu anatakiwa kuifanya zaidi ya mara 60 kwa dakika, usiku kucha.

Dalili zake hazihitaji mashine kuzitambua. Mtoto anapumua haraka kupita mara 60 kwa dakika. Kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Matundu ya pua yanatanuka. Ulimi na midomo vinaelekea kuwa vya bluu. Na kuna mguno, sauti fupi inayotoka kila anapotoa pumzi. Bibi au wifi aliyemsindikiza mzazi anaweza kuusikia mguno ule akadhani mtoto ana njaa au anajinyoosha, kumbe mtoto anabana koo lake kwa makusudi ya mwili ili hewa isitoke yote, vifuko visijifunge. Anajitengenezea presha yeye mwenyewe. Anaguna kwa sababu bado ana nguvu za kufanya hivyo. Mguno ukikoma bila kusaidiwa, mara nyingi maana yake ni kwamba nguvu zimeisha.

Tiba ya kumsaidia inafuata njia ileile aliyoianza mwenyewe. Inaitwa CPAP, na ile inayofaa zaidi mazingira yetu ni ya mapovu. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye mipira midogo inayokaa puani mwa mtoto, na mwisho wa pili wa bomba huzamishwa kwenye chupa ya maji kwa kina cha sentimita tano hadi nane hivi. Kina cha maji ndicho kipimo cha presha. Mapovu yakitoka, presha ipo, na vifuko vya hewa vinabaki wazi hata mtoto anapotoa pumzi. Hakuna kupasua wala kuingiza mpira kwenye njia ya hewa. Mtoto anaendelea kupumua mwenyewe, ila kazi inakuwa nyepesi.

Maarifa haya yalikuja kwa gharama ya maisha ya watoto. Tarehe 7 Agosti 1963 mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Alikuwa na uzito wa takriban kilo 2.1. Taifa tajiri kuliko yote duniani lilimpa kila kilichokuwapo, na bado alifariki siku mbili baadaye kwa sababu mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Mwaka 1971, huko San Francisco, daktari George Gregory na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 20 wenye tatizo hilohilo waliowapa presha ya hewa mfululizo. Watoto 16 waliishi. Mwaka 1963 fedha zilikuwapo, maarifa hayakuwapo. Leo maarifa yana zaidi ya miaka 50, yanategemea chupa ya maji, na mtoto wa Mpwapwa mwenye uzito kama wa Patrick hana sababu ya kufa kama Patrick.

Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2022 linapendekeza CPAP kwa njiti wote wenye dalili za shida ya kupumua. Kwa waliozaliwa kabla ya wiki ya 32, linasema inaweza kufikiriwa mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla dalili hazijaonekana. Sababu iko kwenye pafu lenyewe. Vifuko vikishajifunga, vikavimba na kuvuja majimaji ndani, kuvifungua kunahitaji nguvu kubwa zaidi, wakati mwingine mashine kubwa ya kupumulia ambayo wilayani haipo. Oksijeni ya mtungi peke yake haitoshi, kwa kuwa hewa, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kuingia kwenye kifuko kilichofungwa. Mtoto aliyewekewa presha mapema anahitaji msaada mdogo kwa muda mfupi. Aliyecheleweshwa anafika hospitali kubwa akiwa mgonjwa wa namna nyingine kabisa.

Sasa tuangalie ramani yetu. Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni tatu kwa sensa ya 2022, na halmashauri nane zilizotawanyika kwenye nyanda kavu na pana. Jijini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako figo zimekuwa zikipandikizwa tangu mwaka 2018. Ni jambo la kujivunia. Lakini kutoka Kondoa hadi jijini ni takriban kilometa 160, na kutoka Mpwapwa ni karibu 120, na huko ni kwenye makao makuu ya wilaya tu. Anayetoka kijiji cha ndani ana barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua ana korongo lililojaa ambalo halina daraja. Anayetoka Manyoni, upande wa Singida, naye anaitazama Dodoma hiyohiyo.

Ongeza baridi. Wageni hushangaa kuambiwa kwamba Dodoma ina baridi, lakini wenyeji wanaujua upepo wa Juni na Julai kwenye mwinuko huu wa zaidi ya mita 1,000. Mtoto njiti akipoa, mwili wake unatumia oksijeni nyingi zaidi ili kujipasha joto, na utengenezaji wa utelezi ule wa mapafu unapungua. Kwa hiyo mtoto anayeguna kwenye kituo cha afya saa nane usiku, akasubiri gari, akasafirishwa kwa muda wa saa tatu akiwa amefungwa shuka jepesi na mpira wa oksijeni puani, anaumizwa na safari yenyewe. Tunaiita rufaa, na kwenye karatasi inaonekana kama huduma. Kwake ni saa za kuendelea kuchoka.

Hoja kwamba dakika za mwanzo zinaamua maisha haikuletwa kwetu kutoka mbali. Imethibitishwa hapahapa kwenye nyanda zetu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, isiyo karibu na jiji lolote. Waangalizi walikaa leba wakipima muda kwa saa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 na Hege Ersdal, Estomih Mduma na wenzao yalihusu watoto wasiopumua kabisa wanapozaliwa, wale wanaohitaji kupuliziwa hewa kwa begi na barakoa. Kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza zilihusishwa na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Georgina Msemo na wenzake walionyesha kwamba katika hospitali nane za Tanzania zilizowafundisha wakunga mbinu hiyo, vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47.

Haydom ilitufundisha na jambo la pili ambalo watawala wetu wanapaswa kulishika. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe hodari kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini kazi yao leba haikubadilika. Kilichoibadilisha ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache, palepale kazini, bila posho ya safari wala ukumbi wa hoteli. Hapo vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mfumo huo ulipanuliwa hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara na Tabora ikiwamo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanaonyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku chache baadaye vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Wakunga wa Kitanzania ndio waliofanya kazi hiyo. Wakiwezeshwa, wanaweza.

Kuna watakaosema: basi tununue mashine za CPAP, tuzigawe kila mahali, tumalize. Nawaomba wasubiri kidogo, kwa sababu jirani zetu wa Malawi wametuachia mafundisho mawili yanayokwenda pamoja. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, CPAP ya mapovu ya bei nafuu, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Rice, ilitumiwa kwa watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua. Utafiti huo mdogo wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 71 ya waliopata mashine wakiishi, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata oksijeni tu. Miaka mitano baadaye, utafiti mwingine katika hospitali ya wilaya ya Salima ukatoa matokeo ya kinyume. Watoto wenye nimonia kali, wa umri wa mwezi mmoja hadi karibu miaka mitano, waliowekwa kwenye CPAP bila daktari kuwasimamia kila siku, walikufa zaidi kuliko waliopewa oksijeni ya kawaida: asilimia 17 dhidi ya 11. Hawakuwa watoto wachanga, na ugonjwa wao ulikuwa tofauti. Lakini onyo lao linatuhusu moja kwa moja: presha ya hewa bila jicho la mtu inaweza kuua.

Mtoto aliye kwenye CPAP anahitaji mtu. Mapovu yakikoma, mpira umechomoka puani au hewa inavuja, na presha imepotea ingawa mashine inaunguruma. Tumbo likijaa hewa, linabana mapafu, na lazima mpira mwembamba unaopitishwa hadi tumboni ufunguliwe. Ngozi ya pua inaweza kuchubuka. Pafu linaweza kutoboka, hewa ikakusanyika kifuani, na hapo kinachomwokoa mtoto ni mtumishi anayegundua mabadiliko mapema. Oksijeni nayo ina hatari yake: ikizidi, inaharibu macho ya njiti na kumpofusha, ndiyo maana kipimo chake kwenye damu kinalengwa kati ya asilimia 90 na 95, na ndiyo maana kumpa oksijeni tupu ya mtungi bila kuichanganya na hewa ni kumbadilishia hatari moja kwa nyingine. Muuguzi mmoja aliyeachiwa leba, wodi ya wazazi na watoto wachanga kwa usiku mzima hawezi kuyatazama yote haya. Hata angekuwa malaika, ana macho mawili.

Ndiyo maana nauchukulia uhamisho holela wa wauguzi kuwa suala la uhai na kifo. Muuguzi anafundishwa, anapata uzoefu wa miezi, anaanza kuutambua mguno akiwa mlangoni, kisha ratiba ya zamu inampeleka wodi ya upasuaji, na mgeni anaanza upya. Hospitali inabaki na mashine, ujuzi umeondoka. Vivyo hivyo mashine inayokosa mipira midogo ya puani ya bei ndogo inawekwa kabatini, na kwenye ripoti inahesabiwa kuwa ipo.

Kazi ya kuokoa pumzi inaweza pia kuanza kabla mtoto hajazaliwa. Mama akipata uchungu mapema, sindano za deksamethasoni, dawa ya bei nafuu kabisa, huyakomaza mapafu ya mtoto. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi zilizoshiriki, ulithibitisha kwamba inapunguza vifo pale umri wa mimba unapojulikana kwa hakika na mtoto anapopata huduma nzuri baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo kuhudhuria kliniki mapema, na kupima mimba kwa ultrasaundi kabla haijawa kubwa, ni sehemu ya tiba ya mapafu. Na pale inapowezekana, apewe rufaa mama akiwa bado na mimba, maana hakuna gari la wagonjwa linalomlinda mtoto njiti kuliko tumbo la mama yake. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa hapa Dodoma Aprili 2022, unaruhusu kupiga namba 115 bila malipo na kupata gari la dharura, hata la dereva wa jamii. Namba hiyo ijulikane na kila mume, kila mkwe na kila mwenyekiti wa kitongoji.

Mtoto akishazaliwa, mahali pake ni kifuani kwa mama. Utafiti wa nchi tano, Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali zilizoshiriki, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuanza matunzo ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hali ya mtoto haijatulia, kulipunguza vifo kwa robo. Mtoto alipata joto la ngozi ya mama huku akiendelea kusaidiwa kupumua. Hilo linadai wodi iwe na kitanda cha mama pembeni ya mtoto, wakati wodi zetu nyingi zimejengwa kwa mawazo ya kumtoa mama nje. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge, likiketi jijini hapa, lilirekebisha sheria za kazi ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Ni hatua ya heshima. Mkulima wa Chamwino hana mwajiri wa kumwongezea likizo. Yeye anahitaji mume na ndugu watakaopalilia mtama wake na kumletea chakula hospitali, bila kumwuliza anarudi lini.

Haya ndiyo ninayoyataka kwa mikoa ya kati, na ninaamini yanawezekana. Kila hospitali ya wilaya, na kila kituo cha afya chenye uzazi mwingi, kiwe na begi na barakoa za saizi ya mtoto mchanga, kipima oksijeni cha mtoto mchanga, CPAP yenye kuchanganya hewa, mipira ya akiba, na umeme wa dharura usioyumba. Wauguzi waliofunzwa wabaki wodi hiyo kwa miaka, wasiwe peke yao usiku, na wafanye mazoezi mafupi kila wiki kama wenzao wa Haydom. Fundi wa vifaa tiba awe na fungu la vipuri linalojulikana. Mtoto akilazimika kusafirishwa, asafiri akiwa tayari anasaidiwa kupumua, kifuani kwa mama au kwa ndugu, pamoja na mtumishi anayejua kinachoendelea.

Zaidi ya yote, tubadilishe tunachokihesabu. Ripoti zetu zinahesabu majengo, vitanda na mashine. Kwenye kila faili la mtoto ziandikwe saa tatu: saa aliyozaliwa, saa dalili zilipoonekana, na saa msaada wa kupumua ulipoanza. Tofauti kati ya saa hizo itatuambia ukweli ambao ufunguzi wa jengo hauwezi kutuambia, na itaonyesha wazi kama mtoto wa wilaya ya Chemba anasubiri muda mrefu kuliko wa Area C jijini.

Madiwani wa halmashauri nane za Dodoma watakaa tena kupitisha bajeti. Mwananchi ana haki ya kumsimamisha diwani wake na kumwuliza: katika hospitali yetu, mtoto akizaliwa usiku wa leo akiguna, itachukua dakika ngapi kabla ya kusaidiwa, na ni nani kwa jina la kazi yake atakayekuwa zamu? Diwani asiyejua jibu arudi kwa mganga mkuu wa wilaya akalitafute. Akirudi na jibu la saa badala ya dakika, fungu la kwanza la bajeti hiyo limeshajulikana linapaswa kwenda wapi.